Konokono wa Rangi wa Baharini: Rangi Zake Zinasema Nini, na Hazisemi Nini

Likizo iliyopita wanafunzi wa shule moja ya hapa Moshi walipelekwa Zanzibar kwa ziara ya masomo, na mmoja wa walimu waliowasindikiza alirudi na picha iliyozunguka katika kundi letu la wazazi kwa siku tatu mfululizo. Ilimwonyesha mnyama mdogo, mrefu kama kidole gumba cha mtu mzima, akiwa juu ya mwamba chini ya maji. Mgongo wake ulikuwa na milia myeusi na ya samawati iliyotoka kichwani hadi mkiani, na pembeni alikuwa amezungukwa na ukanda wa rangi ya chungwa, kama upindo wa kitenge. Mzazi mmoja alisema huyo ni jongoo bahari. Mwingine alidhani ni mtoto wa samaki ambaye bado hajaota mapezi. Wa tatu aliandika kwa herufi kubwa kwamba anayemgusa mnyama huyo hapati hata muda wa kufika hospitali, na wa nne akahitimisha kwamba hakuna kiumbe chenye rangi kama hizo duniani, picha imetengenezwa kwa kompyuta.

Si ajabu kuchanganyikiwa. Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro na Meru samaki tunaowafahamu ni perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu na sato wanaosafirishwa kutoka Ziwa Victoria, na bahari tunaiona mara chache kwa macho yetu wenyewe. Habari za kimataifa nazo ziliongeza utata. Mwezi Agosti 2025 mamlaka za mji wa Guardamar del Segura nchini Hispania zilizuia watu kuogelea kwa muda baada ya kuonekana ufukweni mnyama wa rangi ya buluu aitwaye kwa jina la kisayansi Glaucus atlanticus, na habari hiyo ilipofika katika simu zetu ilikuwa imefupishwa kuwa maneno machache tu: konokono wa baharini mwenye sumu. Tangu hapo kila konokono wa baharini mwenye rangi kali amebebeshwa kosa la yule mmoja. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu juu ya mnyama wa kwenye picha ya mwalimu, kwa sababu karibu kila lililosemwa kumhusu lilitokana na rangi zake, na rangi hizo zinasema jambo moja kwa uwazi mkubwa huku zikinyamaza kabisa juu ya mengine tunayotaka zituambie.

Tuanze na majina. Konokono ni mnyama laini wa kundi kubwa linaloitwa moluska, ambalo ndani yake wamo pia chaza, kome, ngisi na pweza. Wengi wao hubeba kombe mgongoni, lakini katika nyakati tofauti za historia ya uhai baadhi ya koo za konokono zimeachana na kombe na kubaki na mwili mtupu. Anayelima kihamba huko Marangu, Kibosho au Machame amewaona wale wa nchi kavu: masika yakikolea, ukibandua ganda lililooza la mgomba unamkuta amejikunja, amelowa ute, hana nyumba. Baharini nako wako waliopoteza kombe, na kundi lao lililo maarufu zaidi huitwa na wanasayansi nudibranki, neno lililoungwa kutoka Kilatini na Kigiriki lenye maana ya mashavu yaliyo uchi. Mashavu yanayosemwa hapa ni kiungo cha kupumulia, kama yale mekundu ambayo mnunuzi makini hufunua pale sokoni Mbuyuni ili ajue kama samaki ni wa leo au wa juzi. Kwa samaki mashavu yamefunikwa. Kwa konokono hawa yako nje, yanaonekana. Spishi za nudibranki zinazofahamika ni zaidi ya 3,000, na katika makala haya nitawaita kwa urahisi konokono uchi.

Ndani ya umati huo kuna jenasi. Neno hili huwatisha wengi ingawa maana yake iko karibu na maisha yetu. Spishi ni aina moja ya kiumbe, na jenasi ni ukoo unaokusanya spishi zinazodhaniwa kuwa na babu mmoja wa karibu. Jina la kisayansi huandikwa kama daftari la mahudhurio linaloanza na jina la ukoo: kwanza jenasi, kisha jina la mhusika mwenyewe. Jenasi tunayoizungumzia hapa ni Chromodoris, nami nitaitamka kwa Kiswahili kromodorisi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1855 na Waingereza wawili, Joshua Alder na Albany Hancock, waliounganisha neno la Kigiriki la rangi na jina la Doris, binti wa bahari katika masimulizi ya kale ya Wagiriki. Makazi ya jenasi hii ni miamba ya matumbawe ya maji ya joto, kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Australia na visiwa vya Pasifiki.

Umbo lake likishafahamika, nusu ya mabishano ya kundi letu la wazazi huisha. Mwili wa kromodorisi ni mrefu na laini, wenye urefu wa sentimita chache. Chini kuna unyayo mpana anaotambalia, sawa na konokono wa bustanini. Juu amevikwa ngozi iliyotanda kama shuka hadi pembeni, na ukingo wa shuka hiyo ndio wenye ule upindo wa chungwa au wa njano. Mbele zimesimama pembe mbili fupi ambazo watu huziita masikio au macho, kumbe ni viungo vya kunusia; kwa hizo hufuata harufu ya chakula na ya wenzake majini. Macho anayo, lakini ni madoa madogo yaliyozama chini ya ngozi, yanayoweza tu kutofautisha mwanga na giza. Nyuma, juu ya mgongo, kuna shada la mashavu lililochanua kuzunguka tundu la haja, na akiguswa hulivuta lote ndani kama mtu anayeingiza mkono mfukoni. Kombe alikuwa nalo zamani za utoto wake, kwa maana buu anayetoka kwenye yai huogelea akiwa na kombe dogo mno, kisha hulivua anapotua mwambani na kuanza maisha ya utu uzima.

Jongoo bahari ni mnyama mwingine kabisa, na jina lake lisitupoteze. Huyo ni ndugu wa kiti cha pweza, si wa konokono. Ngozi yake ni nene, hana pembe za kunusia wala shada la mashavu mgongoni, na wengi wa aina zake hula mchanga na kuchuja masalia ya chakula yaliyomo. Wavuvi wa pwani wanamfahamu kwa sababu hukaushwa na kuuzwa Asia, ambako ni chakula cha thamani. Mzazi aliyetaja jongoo bahari, hata hivyo, hakukosea kwa namna ya kuaibisha, kwa kuwa bahari yenyewe imewahi kutega mtego huo: watoto wa spishi moja ya jongoo bahari, Pearsonothuria graeffei, huwa na vipele na rangi zinazofanana na za konokono uchi fulani mwenye sumu, na samaki huwaogopa kwa kudhani ni yeye. Iko pia minyoo bapa ya baharini inayovaa rangi za namna hiyo hiyo. Mnyoo bapa utamtambua kwa wembamba wake, maana ni kama kipande cha karatasi kilicholowa, na kwa kukosa shada la mashavu.

Sasa tufike kwenye rangi. Dhana iliyoenea ni kwamba mnyama huremba ili kuvutia mwenzi, kama tausi au kama ndege wengi tunaowaona misitu ya mlimani. Kwa kromodorisi hilo haliwezekani, kwa sababu macho niliyoyaeleza hayawezi kuona milia ya mwenzake wala ya kwake mwenyewe. Mapambo hayo yote yamewekwa kwa ajili ya macho ya wengine, hasa samaki. Mfano mzuri uko katika maduka ya pembejeo ya Arusha na Moshi. Kila mkulima wa nyanya anajua kwamba kopo la dawa ya wadudu huwa na ukanda wa rangi chini ya lebo, nao unamweleza ukali wa sumu hata asiyeweza kusoma maandishi. Ukanda huo haumzuii mtu kwa nguvu; unamkumbusha tu kilichomo. Kromodorisi naye amevaa lebo, na tofauti iliyopo ni kwamba baharini hakuna mamlaka iliyopanga rangi ipi ina maana gani, hivyo kila samaki hulazimika kujifunza mwenyewe kwa kuonja mara moja au mbili, kutema, na kutosahau.

Lebo bila sumu ndani ya kopo ni uongo tu, kwa hiyo swali linalofuata ni sumu hiyo imetoka wapi. Konokono huyu huichukua katika chakula chake, na chakula chake ni sifongo. Wengi wetu tunamjua sifongo kama kitu cha kuogea, na bado ni mnyama aliye hai, aliyeshikamana na mwamba maisha yake yote, anayevuta maji kupitia matundu madogo ya mwili na kuchuja chembe za chakula. Asiyeweza kukimbia wala kung'ata hujilinda kwa njia nyingine, na sifongo wengi hujilinda kwa kemikali. Katika Bahari ya Shamu kuna sifongo mwekundu aitwaye Negombata magnifica ambaye akiminywa hutoa majimaji mekundu, na watafiti waliyaweka majimaji hayo katika chombo chenye samaki, wakaona samaki wakilewa na kufa katika muda wa dakika. Wazee wa huku watakumbuka mara moja utupa, ule mmea ambao majani yake yaliyopondwa hutiwa mtoni ili samaki waelee juu, na ambao wakulima wa kaskazini wameutumia kuua wadudu. Utupa wa mtoni na sifongo wa baharini hutoa kemikali tofauti kabisa, lakini matokeo mbele ya macho yanafanana.

Katika sifongo huyo mwekundu ndimo ilimotolewa kemikali iliyopewa jina latrunkulini, ambayo baadaye ilipatikana pia katika sifongo wa jamii nyingine wa Pasifiki. Inavyofanya kazi ni jambo linalostahili kuelezwa taratibu. Kila seli ya mnyama, iwe ya samaki, ya mtu au ya konokono, ina nguzo na kamba za ndani zinazoipa umbo na kuiwezesha kusogea, na sehemu kubwa ya nguzo hizo imejengwa kwa protini iitwayo aktini. Nguzo hizi hazijengwi mara moja zikakaa. Zinafunguliwa na kuungwa upya kila wakati, kama mirunda ya jukwaa la ujenzi ambayo mafundi huifungua upande uliokwisha kupigwa plasta na kuifunga upande wa pili. Sasa fikiria mtu anayejificha pale site na kukamata kila mrunda uliofunguliwa, akaufunga kamba usiweze kutumika tena. Hatabomoa jukwaa kwa nyundo, lakini kadiri kazi inavyoendelea miti ya kuunga inapungua, na mwishowe jukwaa linashuka lenyewe. Ndivyo latrunkulini inavyofanya: hushikamana na vipande vya aktini vilivyo huru, kimoja kwa kimoja, vikashindwa kuungana. Kwa sababu ya tabia hiyo kemikali hii sasa ni kifaa cha kawaida katika maabara zinazochunguza namna seli zinavyosogea na kugawanyika.

Konokono uchi humla sifongo huyu pasipo kufa, tena huchagua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima spishi tano za kromodorisi, zikiwemo Chromodoris annae, Chromodoris elisabethina na Chromodoris magnifica, na ukaona kwamba ingawa ndani ya tumbo kulikuwa na kemikali mbalimbali zilizotoka kwa sifongo, ukingoni mwa ile shuka ya mgongoni spishi zote tano zilikuwa zimehifadhi kemikali moja pekee, latrunkulini A, iliyo kali kuliko zile nyingine walizozipima. Mimi nalisoma jambo hili na kustaajabu kila mara. Mnyama asiye na ubongo wa kujivunia hupewa chakula chenye mchanganyiko wa sumu, akatenga iliyo kali kuliko zote, kisha akaipeleka pembeni kabisa mwa mwili, mbali na viungo vyake vya ndani, mahali ambapo mdomo wa samaki utaanzia kuonja. Yuko kipepeo mmoja wa kawaida katika mashamba yetu, wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa zenye madoa meupe, ambaye kiwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe na kuibeba sumu yake hadi utu uzima, nao ndege humwacha. Kipepeo huyo na konokono wetu wamefikia mbinu moja kwa njia mbili zisizokutana.

Hapo ndipo ule upindo wa njano au chungwa unapopata uzito. Nchini Australia watafiti waliwafundisha samaki wa jamii ya kikande kutofautisha rangi za konokono uchi mwenye madoadoa mekundu na ukingo wa njano, wa jenasi ya karibu na hii, kisha wakachunguza ni sehemu gani ya pambo samaki wanaitumia kuamua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba samaki waliutegemea ukingo wa njano, na hawakujali sana madoa mekundu. Hii inaeleza jambo ambalo lilikuwa likiwasumbua watazamaji: madoa hubadilika sana kutoka konokono mmoja hadi mwingine na kutoka ghuba moja hadi nyingine, wakati ukingo hubaki vilevile. Sehemu inayosomwa na adui hailegezwi. Isiyosomwa inaweza kwenda itakavyo. Kumbuka pia kwamba rangi nyekundu hufifia ndani ya mita chache za kwanza za maji, na wekundu mkali tunaouona katika picha nyingi umeletwa na taa ya mpiga picha. Weusi, samawati na njano huendelea kuonekana tofauti tofauti hata panapokuwa na mwanga hafifu.

Je, ukimgusa utakufa? La. Sumu ya kromodorisi ni ya kumzuia anayemla, na mnyama huyu hana mwiba, hana meno ya kumng'ata mtu, wala hana chembe za kuchoma katika ngozi. Ulimi wake una safu za vijino vidogo sana vya kukwangulia sifongo, basi. Glaucus aliyefunga ufuko wa Hispania ni habari nyingine: huyo huishi akielea juu ya bahari ya wazi, hula viumbe wenye mikia inayochoma, na huzihifadhi zile chembe za kuchoma zikiwa nzima katika ncha za mwili wake, ili zimlipukie atakayemshika. Wote wawili ni konokono uchi, na wote wameiba silaha kutoka katika chakula, ila mmoja ameiba sumu ya kuliwa na mwingine ameiba sindano. Kuwaweka katika onyo moja ni kama kumwonya mtu asimguse chatu kwa sababu swila hutema mate yenye sumu. Hata hivyo namsihi kila mzazi amfundishe mwanawe kutowashika wanyama wa mwambani, kwanza kwa sababu mtoto hawezi kuwatofautisha, na pili kwa sababu mwili laini kama huu hujeruhiwa na vidole vya mtu kirahisi kuliko vidole vinavyojeruhiwa nao.

Kosa la mwisho ndilo gumu zaidi, na hata wapiga mbizi wazoefu hulifanya: kuamini kwamba rangi inatosha kutaja spishi. Kwa zaidi ya karne moja jenasi ya kromodorisi ilikuwa kama kapu ambamo karibu kila konokono uchi mwenye umbo hili na rangi za kupendeza alitupwa. Mwaka 2012 Rebecca Johnson na Terrence Gosliner wa California walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya jamii nzima, wakaonyesha kwamba kapu lilikuwa na koo kadhaa zisizo na babu mmoja wa karibu. Wengi wenye madoadoa wa bahari zetu walihamishiwa jenasi ya Goniobranchus. Wa Atlantiki na wa mashariki mwa Pasifiki wakapelekwa jenasi ya Felimida. Na jina Chromodoris likabaki hasa kwa wale wenye milia myeusi ya kwenda urefu wa mwili. Ndiyo sababu ukikuta kitabu cha zamani na kipya vinamwita mnyama mmoja kwa majina mawili, usidhani mmoja wa waandishi alikuwa mzembe.

Kisha likaja la pili, lililokoroga mambo hata ndani ya hao wenye milia. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba spishi moja ya kromodorisi inaweza kuwa na mavazi tofauti katika maeneo tofauti, na spishi mbili zisizo ndugu wa karibu, zikiishi eneo moja, zinaweza kuvaa vazi moja. Hapa wala usitafute mfano wa mbali kuliko harusi ya Jumamosi. Ukiingia ukumbini Arusha ukaona wanawake ishirini wameshona kitenge kimoja, huwezi kusema ni dada wa tumbo moja. Umejua tu kwamba wamekubaliana sare ya siku hiyo, na wiki ijayo mmoja wao atakuwa katika harusi nyingine na sare nyingine. Baharini hakuna kikao cha kukubaliana, ila faida ni ya wote: samaki aliyeonja mmoja na kujuta huwaacha wote wenye sare hiyo, na kwa hiyo kila mwenye sumu anayefanana na majirani zake wenye sumu huponea mafunzo yaliyogharamiwa na mwingine. Anayetofautiana sana na wenzake wa eneo lake huonjwa na samaki ambao hawajamjua.

Pwani yetu ina nafasi yake katika historia hii. Chromodoris quadricolor, yaani wa rangi nne, ilielezwa mwaka 1830 kutokana na wanyama wa Bahari ya Shamu, na inaonekana hadi huku kwetu magharibi mwa Bahari ya Hindi. Chromodoris africana ilipewa jina mwaka 1904 na Charles Eliot, ambaye wakati huo alikuwa Kamishna wa Uingereza katika himaya ya Afrika Mashariki, na ambaye katikati ya shughuli za utawala alikuwa akiwachunguza konokono uchi wa Zanzibar na wa pwani ya bara. Mwaka 1977 mtaalamu William Rudman alieleza nyingine ya Afrika Mashariki, Chromodoris hamiltoni. Nimewahi kumsikia mwanafunzi akiuliza kama wanyama hawa ni wa Australia tu kwa kuwa picha nyingi mtandaoni zimepigwa huko. Hapana, wengine majina yao ya kisayansi yamebeba jina la bara letu.

Kuhusu uzazi nitasema kwa ufupi. Hakuna dume wala jike: kila mmoja ana viungo vya pande zote mbili, na wawili wakikutana hulaza ubavu wa kulia kwa ubavu wa kulia na kupeana mbegu, kisha kila mmoja huenda kutaga. Mayai hutoka yakiwa yamefungwa katika utepe mwororo unaozungushwa mwambani kama ua. Anayeuona utepe huo hudhani ni mmea.

Walioniuliza kama anaweza kufugwa katika tangi la kioo sebuleni nimewajibu kwa uchungu, kwa maana najua wengine hununuliwa kwa ajili hiyo katika nchi za mbali. Kromodorisi hali chakula cha dukani, hali majani, hali nyama. Anataka sifongo wake, naye sifongo huyo mwenyewe hufa upesi akihamishwa kutoka mwambani. Konokono aliyewekwa kwenye chupa atatambaa ukutani kwa siku kadhaa akitafuta harufu ambayo haimo ndani ya maji yale, huku akipungua mwili, hadi afe kwa njaa akiwa bado na rangi zake zote. Uvuvi wa baruti nao humuua kwa mlango huo huo, hata kama mlipuko haukumfikia yeye, kwa kuwa mwamba uliovunjwa hauna sifongo.

Basi yule wa kwenye picha ya mwalimu ni nani? Milia myeusi inayofuata urefu wa mwili, samawati iliyopauka katikati yake, na upindo wa chungwa vinanielekeza kwa Chromodoris quadricolor, na nimeandika hivyo katika kundi la wazazi, nikiongeza kwamba ni neno la mtu aliyetazama vazi tu. Mwalimu aliniuliza afanye nini safari ijayo ili jibu liwe na uhakika zaidi. Nilimwomba apige picha tatu badala ya moja: ya kutoka juu inayoonyesha milia yote, ya ubavuni inayoonyesha kama ukingo wa unyayo nao una rangi, na ya karibu ya pembe na shada la mashavu. Aandike mahali na kina cha maji. Na kamera asiizime kabla hajapiga picha ya nne ya kitu ambacho mnyama amekalia, kwa sababu kama ni sifongo aliyekwanguliwa upande mmoja, basi chakula na sumu yake vitakuwa vimeonekana katika fremu moja.